Chura Aliyekosa Sumu

Mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii yafaa kukumbukwa tusomapo habari za chura mmoja mdogo wa Ekuado, katika Amerika ya Kusini, ambaye wataalamu humwita Epipedobates anthonyi. Yeye ni wa jamii ya vyura wa sumu. Wengi wa jamaa zake hung'aa kwa buluu au manjano, lakini yeye ni wa hudhurungi, mwenye michirizi hafifu mgongoni, na urefu wake haufiki sentimita tatu.

Mwaka 1974 mwanakemia John Daly na mwenziwe Charles Myers, wote Wamarekani, waliwakusanya vyura hao. Panya aliyedungwa maji ya ngozi zao aliupinda mkia juu ya mgongo, kama afanyavyo akipewa mofini. Mwaka 1976 wakarudi, wakapata ngozi za vyura 750. Lakini dawa iliyotoka humo ilikuwa chache mno, na vyombo vya wakati ule havikuweza kulitambua umbile lake.

Mwaka 1987 biashara ya vyura hao baina ya mataifa iliwekewa masharti. Je, wale waliofugwa wasingefaa? Kuwazalisha si kazi ngumu: yatosha chombo cha kioo chenye unyevu, majani makavu, na inzi wa matunda. Jike hutaga, dume huyalinda mayai, na viluwiluwi vikitoka huvibeba mgongoni mpaka majini. Vizazi vikafuatana, lakini ngozi zao zilipopimwa, sumu haikuonekana. Hatimaye ikajulikana kwamba vyura wa jamii hii hupata sumu zao kwa kula wadudu wa mwituni, kama vile sisimizi na utitiri. Inzi wa kufugwa hawana kitu hicho.

Basi ikabaki akiba ile ndogo ya 1976. Daly aliitunza hata vyombo bora vikapatikana, na mwaka 1992 umbile la epibatidini likatangazwa. Kwa kutuliza maumivu ya panya iliishinda mofini mara 200 hivi, ila ni kali mno, haifai kutibu binadamu. Hata hivyo iliwafungulia wataalamu njia mpya ya kuyachunguza maumivu.

Kumfuga mnyama kwaweza kuiokoa mbegu yake, na hilo si jambo dogo. Lakini sumu ya chura huyu ilikuwa kazi ya msitu mzima. Atakaye kumhifadhi chura, na auhifadhi pia msitu wake.