Msitu wa Mlima Meru na Hesabu ya Mimea Yake

Mtu akisimama mjini Arusha asubuhi, mawingu yasipofunika, huona upande wa kaskazini Mlima Meru umeinuka, kimo chake karibu futi 15,000, na kiunoni umejifunga msitu kama shuka ya kijani. Kwa mbali msitu ule huonekana kitu kimoja. Lakini sivyo ulivyo.

Yafaa kujua kwanza kwamba mpaka wa msitu uliwekwa kabla ya mimea yake kuhesabiwa. Mwaka 1904 serikali ya Wadachi ilitoa sheria ya kulinda misitu, nayo ilitazama zaidi mbao na maji. Msitu wa juu ukatengwa. Chini yake, tangu mwaka 1905 hivi, mashamba makubwa yakagawiwa Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini na walowezi wengine. Basi Wameru na Waarusha wakabanwa katikati, kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia. Tena mwaka 1951, wakati wa Waingereza, Wameru wa Engare Nanyuki walifukuzwa katika ardhi yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa watu hao neno la kutengewa ardhi si jepesi, na atakaye kuulinda mlima leo hana budi kulikumbuka.

Elimu ya mimea ilikuja polepole. Katika miaka 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa Uswidi, alizunguka Kilimanjaro na Meru akikusanya viumbe, hasa wadudu. Huko Amani, katika Usambara, Wadachi walikuwa wamekwisha kuanzisha chuo cha uchunguzi mwaka 1902. Lakini kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki kilianza kutolewa mwaka 1952, kikamalizika mwaka 2012, kikiwa na aina zaidi ya 12,000.

Je, mimea ya mlima huhesabiwaje? Hakuna awezaye kuhesabu kila mti. Wataalamu hupima viwanja vidogo vilivyo sawa, kimoja juu ya kingine, toka chini hata kileleni. Katika kila kiwanja huandika kila aina na unene wa kila shina. Ile wasiyoitambua hukata tawi lenye ua au tunda, wakalikausha kati ya karatasi, wakalilinganisha na yaliyohifadhiwa. (Wazee wa kijijini, wajuao majina na dawa, huwaokolea siku nyingi za kazi.)

Hesabu ya namna hii katika milima yetu imeonyesha jambo moja wazi: kadiri mtu apandavyo, aina hupungua. Msitu wa chini, wenye joto na mvua, ndio tajiri. Nao ndio uliofyekwa kwanza kwa migomba na kahawa. Juu zaidi kuna mianzi, kisha vichaka vidogo, kisha majivu na mawe matupu. Vilevile mashamba ya misonobari yaliyopandwa mlimani ni ya kijani, nayo yatupa mbao. Lakini kwa hesabu ni aina moja au mbili tu.

Hapo ndipo penye shida. Usambara na Uluguru ni milima ya kale, yenye mimea mingi isiyopatikana penginepo duniani. Meru ni mlima wa moto, mchanga kwa umri, uliotoa majivu hata mwaka 1910. Tukigawa fedha za ulinzi kwa kutazama mimea ya pekee tu, Meru utakaa nyuma. Kwa maoni yangu hesabu hiyo peke yake haitoshi. Bustani ya taifa iliyoanza Ngurdoto mwaka 1960 iliongezewa Meru mwaka 1967, ikaitwa Arusha, nayo imehifadhi sehemu ya mlima tu. Upande wa kaskazini, penye ukame, hupatikana mitarakwa. Aina za miti huko ni chache kuliko kusini. Hata hivyo, mto wa Ngare Nanyuki hutoka mlimani humo, na wakulima walioko chini huyategemea maji yake.