Jaboya: Bei ya hatari katika fuo za Ziwa Victoria

JABOYA ni neno la Kijaluo linalotumiwa katika fuo za Ziwa Victoria, upande wa Kenya, kueleza mapatano kati ya mvuvi wa kiume na mwanamke mchuuzi. Mwanamke hulipia samaki kwa pesa, kisha huongeza ngono ili auziwe kabla ya wenzake.

Chanzo ni umiliki. Mashua na nyavu kwa kawaida ni mali ya wanaume, ilhali kukausha na kuuza omena ni kazi ya akina mama. Samaki wakiadimika, wachuuzi hung'ang'ania kila mashua inayofika ufuoni, na mvuvi ndiye huweka masharti.

Hatari yake ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa asilimia 17.5 ya watu wazima Kisumu walikuwa na virusi vya Ukimwi, asilimia 19.6 Homa Bay na 15.3 Siaya. Kiwango cha kitaifa kilikuwa asilimia 4.9.

Katika ukahaba wa mijini, hatari hiyo hulipiwa pesa taslimu: mteja anayekataa mpira wa kondomu huongeza malipo. Nchini Mexico, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulibaini nyongeza ya asilimia 23.

Huko Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Jonathan Robinson na Ethan Yeh walichanganua shajara za wanawake 192. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa siku ambayo mtu wa nyumbani, aghalabu mtoto, aliugua, uwezekano wa mwanamke kufanya ngono bila kinga ulipanda kwa asilimia 19.1. Mwanamke ni yule yule na anachokijua kuhusu Ukimwi hakijabadilika. Kilichobadilika ni dharura.

Ndiyo maana mawaidha pekee hayatoshi. Utafiti wa Kelly Jones na Erick Gong, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa wanawake wa Kisumu waliohimizwa kuweka akiba kwa simu walipunguza kutegemea ngono ya malipo wakati wa dharura.

Katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, kina mama walipata mashua zao wenyewe mapema miaka ya 2010 na kuajiri wavuvi, wakakataa jaboya. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliumeza ufuo huo na kuwafurusha wakazi. Wengi walipoteza makao pamoja na riziki, na kwa mchuuzi asiye na mashua wala akiba, bei ya samaki hupangwa tena na mvuvi.