Ukaguzi wa Vyombo vya Umeme katika Njia ya Iyunga

Watu wengi hudhani kwamba gari la umeme ni chombo kigeni kabisa katika Nyanda za Juu Kusini, na kwamba mwenye kulinunua hana mtu wa kumwuliza habari za matunzo yake. Dhana hii ina nusu ya ukweli. Motokaa ya umeme ni ngeni, lakini chombo kizito kinachosukumwa na mota za umeme kimekuwa kikipita Iyunga tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Iyunga ni kata ya Jiji la Mbeya, upande wa magharibi, kando ya barabara kuu iendayo Mbalizi na Tunduma. Na stesheni ya Mbeya ya reli ya TAZARA imejengwa upande huohuo. Barabara na reli zimekaribiana mahali hapo, nazo zimeacha mafunzo mawili yasiyofanana juu ya jambo moja, yaani desturi ya kukitazama chombo kabla hakijaharibika. Dai linaloletwa hapa ni kwamba mota ya umeme haikuifuta desturi hiyo. Imeihamisha kutoka kiungo kimoja cha chombo hadi kingine, na zaidi ya hayo imeitoa mikononi mwa shirika ikaitia mikononi mwa mtu mmoja.

Kabla ya reli yalikuwako malori. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Ikabidi petroli na dizeli zitoke Dar es Salaam, katika mapipa, juu ya malori, kwa njia ya Morogoro, Iringa na Mbeya. Na malori yaliporudi yalibeba shaba. Barabara ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Waandishi wa Kiingereza waliiita njia ya jehanamu, na jina hilo halikuwa la mzaha, kwa kuwa mizoga ya malori ililala mabondeni. Katika mwaka 1966 liliundwa shirika la uchukuzi la Zambia na Tanzania, likitumia malori ya Fiat kutoka Italia; na mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 toka Dar es Salaam hata Ndola, likapunguza mzigo wa mapipa.

Ukaguzi katika njia ile ulikuwa wa macho, masikio na mikono. Dereva alipima mafuta ya injini kwa kijiti, akatazama maji ya rejeta, akagonga matairi na kusikiliza mlio. Utingo alishuka mlimani na kigingi cha mti mkononi, tayari kukisukuma nyuma ya gurudumu. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikaa kichwani mwa mtu, na mtu alipoacha kazi ulikwenda naye.

Reli ilikuja na desturi nyingine. Mapatano ya kuijenga yalitiwa sahihi mjini Beijing mnamo Septemba 1967 baina ya Tanzania, Zambia na China. Kazi ikaanza rasmi Oktoba 1970, na njia ikakabidhiwa Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, na kilele chake kiko Uyole, mashariki ya Mbeya, karibu mita 1,790 juu ya bahari. Mtu akikumbuka kwamba mwanzo wake ni pwani ya Dar es Salaam, ataelewa mara moja shida ya mitambo ilikuwa wapi. Hasa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli hupanda ukuta wa nyanda za juu kwa madaraja na mashimo yaliyotobolewa milimani, kichwa cha treni hufanya kazi kama punda aliyezidishiwa mzigo.

Vichwa vya kwanza vilitoka China, navyo vilikuwa vya dizeli na haidroliki: nguvu ya injini ilipitishwa kwa mafuta yanayozungushwa kwa kasi, kisha ndipo ikayafikia magurudumu. Katika nchi tambarare mpango huo hufaa. Katika miinuko ya Iringa na Mbeya mafuta yalipata joto, injini zikachoka, na vipuri vilikuwa mbali ng’ambo ya bahari. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaletwa vichwa vya dizeli-umeme vilivyojengwa Ujerumani Magharibi na kampuni ya Krupp kwa muundo wa General Electric wa Marekani. Ndani ya vichwa hivyo injini ya dizeli haisukumi gurudumu hata moja. Kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na umeme huo ndio unaokwenda katika mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa maneno mengine, ni gari la umeme lililobeba mtambo wake wa umeme mgongoni.

Matunzo yake yalibadilika pia. Mota za zama zile zilikuwa na vipande vya makaa vilivyogusa silinda ya shaba inayozunguka. Vipande hivyo hulika, na vumbi lake jeusi likijikusanya umeme hupata njia ya kuruka mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo fundi alivipima urefu, akapuliza vumbi, akatazama kama shaba imeungua, kisha akapima kwa chombo maalumu kama nyaya bado zimehifadhika ndani ya ngozi zao. Mambo haya hayangojei kelele. Mota iliyo karibu kuungua yaweza kuwa kimya kuliko iliyo nzima, na sikio la dereva wa lori la mwaka 1966 lisingemfaa kitu. Badala yake palihitajika ratiba na daftari: kazi fulani kila siku, nyingine kila mwezi, nyingine baada ya kilomita kadhaa, na sahihi ya fundi mwishoni mwa mstari. Karakana kubwa za reli ziliwekwa Dar es Salaam na Mpika, na Mbeya iko kati ya hizo mbili.

Daftari lakini halinunui vipuri. Reli ilikusudiwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka, wala haikupata kuzifikia. Na katika mwaka wa fedha 2014/15 ilichukua takribani tani 88,000 tu. Sababu ni nyingi, na si haki kuzitwika zote karakana: njia za kusini zilifunguliwa tena, malori yakaongezeka barabarani, fedha zikapungua. Hata hivyo hapana mwanafunzi wa historia hii atakayekana kwamba chombo kilichokosa kipuri kidogo leo ndicho kilichokuja kuchinjwa kesho ili kipuri chake kikubwa kikitibu kingine. Mnamo Septemba 2025 serikali mbili zilitia sahihi mkataba wa kuikabidhi reli kwa kampuni ya China ya CCECC, pamoja na ahadi ya mtaji wa dola bilioni 1.4 kwa kuifufua.

Kutoka hapo mtu aweza kumwendea mwenye motokaa, ila kwanza ajue kwamba motokaa ya umeme ni kongwe kuliko reli hiyo. Katika mwaka 1900 zaidi ya theluthi moja ya motokaa za Marekani zilikwenda kwa umeme. Wenyewe walikuwa matajiri wa mijini, na ni wachache waliojua lolote juu ya betri zao. Waliziacha gari katika gereji za kulipia kwa mwezi, ambako vijana walizitia umeme usiku, wakazijaza maji ya betri, wakazifuta vumbi na kuzirudisha mlangoni asubuhi. Mjini Hartford, kuanzia mwaka 1910 au karibu na hapo hadi katikati ya miaka ya 1920, kampuni ya umeme ilikwenda mbali zaidi: mwenye gari alinunua gari bila betri, na betri ikabaki mali ya kampuni, ikibadilishwa kila ilipokwisha nguvu. Mpango huo umerudi leo katika pikipiki za umeme za Kigali na Nairobi. Lori la Iyunga lilikaguliwa na dereva, treni ikakaguliwa na shirika, na motokaa ya umeme ya kale ikakaguliwa na gereji. Mwenye motokaa ya umeme wa leo amerithi umeme wa treni na upweke wa dereva wa lori.

Je, akague nini? Ataambiwa na wauzaji kwamba hana mafuta ya injini ya kubadilisha, wala plagi, wala mkanda wa kugawia wakati. Ni kweli, na mota nyingi za sasa hazina hata yale makaa yaliyomsumbua fundi wa reli. Lakini matairi yapo, nayo hulika upesi zaidi, kwani betri ni nzito na mota hutoa nguvu zake zote mara tu mguu unapogusa. Upepo upimwe walau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya safari, na matairi yabadilishane nafasi kwa kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza. Maji ya kupoza betri, kwa magari yenye nayo, yatazamwe kwenye chupa yake. Yakipungua, maana yake yamepata pa kutokea. Nyaya nene zenye rangi ya machungwa zitazamwe kwa macho tu. Hizo huchukua umeme wa volti mia kadhaa, na hazimsamehe mwenye udadisi.

Iko pia betri ndogo ya volti 12, ileile ya magari ya kawaida. Hiyo ndiyo huwasha taa, kufungua milango na kuiamsha betri kubwa. Ikifa, gari lenye umeme wa kutosha kufika Tunduma litasimama uani kama jiwe. Ni ajabu kidogo kwamba gari la umeme huweza kukwama kwa kukosa umeme mdogo huku umeme mwingi umelala chini ya viti. Lakini ndivyo ilivyo, na vichwa vya mafundi wa lori vya zamani vingecheka.

Chini ya gari patazamwe baada ya kila safari ya njia mbaya. Betri kubwa hulala sakafuni, na barabara za changarawe za vijijini Mbeya hurusha mawe. Mkwaruzo katika bamba la chini si aibu ya rangi tu. Bonyeo laweza kuigusa seli, na hapo ni fundi aliyefunzwa tu aguse. Chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1986 kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kiko katika kata hiihii ya Iyunga, na mahali pa kumpata fundi wa namna hiyo si mbali kama zamani.

Breki zinastahili maneno zaidi, kwa sababu ya nchi yenyewe. Kutoka Iyunga barabara huelekea Iwambi na kushuka Mbalizi, mteremko unaojulikana kwa ajali za malori yaliyokatika breki. Gari la umeme likishuka, mota yake hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, umeme hurudi kwenye betri, na gari hujizuia lenyewe. Vichwa vya dizeli-umeme huweza kufanya jambo hilo pia, ila vyenyewe havina betri kubwa ya kuuhifadhi. Umeme hupelekwa katika vizuizi na kutupwa hewani kama joto. Motokaa huuweka akiba, na hapa ndipo penye mtego. Betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea. Mtu aliyeitia gari umeme usiku kucha nyumbani mpaka ukomo, akashuka mteremko wa kwanza wa asubuhi, ataona mota inazuia kwa unyonge, naye atarudi kwenye pedi za breki. Na pedi hizo, kwa kuwa hutumika mara chache, huweza kuwa zimeshika kutu na kukwama, hasa wakati wa mvua. Kwa hiyo mkazi wa mlimani huacha nafasi katika betri kabla ya kushuka, na hukanyaga breki kwa nguvu mara kwa mara mahali salama ili diski zijisugue. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Magari mengi huagizwa yabadilishiwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama gari limesimama tu. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haisemi lolote juu ya mambo haya.

Limebaki jambo la betri kubwa yenyewe, na hilo huonekana wazi zaidi katika gari lililotumika. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na nyingi za Japani zimeuzwa nje zikiwa zimekwisha tumika miaka. Betri yake hupozwa kwa hewa tu. Baridi ya Mbeya huihifadhi vizuri kuliko joto la pwani, ingawa asubuhi za Juni na Julai hupunguza mwendo wake kwa kitambo. Ile ya kwanza, yenye betri ya kilowati-saa 24, ilipokuwa mpya ilihesabiwa Marekani kuwa yaenda kilomita 117 kwa betri iliyojaa. Na toka Mbeya hata Tunduma ni kilomita 100 na ushee. Kando ya saa ya umeme, mbele ya dereva, kuna vijistari 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri, si wingi wa umeme uliomo. Cha kwanza kikizimika, betri imekwisha poteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake, na gari lenye vijistari 9 halitafika Tunduma bila kutiwa umeme njiani. Mnunuzi avihesabu kabla hajatoa fedha, kisha aombe daftari la matunzo. Na kama halipo, aanzishe lake siku hiyohiyo, aandike tarehe, kilomita na idadi ya vijistari katika mstari wa kwanza.