Kuusoma Upanga wa Afisa wa Majini

Tunapofundisha ishara darasani, aghalabu tunaishia kwenye shairi na methali. Katika makala haya mafupi tunausoma upanga ambao haukuundwa kwa ajili ya vita, bali kwa ajili ya kumtuza aliyepigana.

Mwaka 1803, Uingereza ikipigana na Ufaransa ya Napoleon, wafanyabiashara wa bima za meli wa Lloyd's, jijini London, walianzisha mfuko wa kuwachangia wapiganaji. Maafisa wa majini waliotenda ushujaa walitunukiwa panga za daraja tatu: za pauni 100 kwa manahodha, za pauni 50 kwa maluteni na za pauni 30 kwa maafisa wa chini yao. Fundi wake alikuwa Richard Teed.

Mapambo ya mpini hayakuwekwa kwa urembo tu. Maana zake zilielezwa kwa maandishi. Fito zilizofungwa pamoja, alama ya mamlaka katika Roma ya kale, zilisimamia umoja wa taifa. Rungu la Hercules, shujaa wa visasili vya Wayunani, lilisimamia nguvu, nyoka, hekima, na ngozi ya simba aliyeuawa na shujaa huyo, ushindi. Tukiziunganisha ishara hizo tunapata sentensi kamili: umoja huzaa nguvu, na nguvu ikisaidiwa na hekima huleta ushindi. Sehemu hii haiko mbali na methali yetu, "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu".

Bapa lilipakwa rangi ya buluu na kunakshiwa kwa dhahabu, likaandikwa jina la afisa na tendo alilotuzwa.

Hata hivyo, msomaji makini huuliza pia ni nani hakutajwa. Mpini ulisifu umoja, ilhali bapa lilibeba jina la mtu mmoja. Majina ya mabaharia waliopigana chini yake hayakuwamo. Walipojeruhiwa, walipewa fedha. Baadhi ya maafisa nao walichagua fedha badala ya upanga. Hatimaye, mwaka 1809, mfuko uliacha kutoa tuzo hizo ili michango iwafae majeruhi na familia za waliokufa.

Tunawashauri walimu wenzetu wawape wanafunzi sarafu au nembo ya taifa, waisome hivyo hivyo: kilichochorwa, kilichoandikwa na kilichoachwa.