Habari za Chawa wa Kichwa na Watoto wa Shule

Wazazi wengi hutuuliza sisi walimu: Je, yapasa kumpekua mtoto kichwa mara ngapi, ili chawa wasije wakazaana? Wengine husema kila siku. Wengine husema mwanzo wa muhula yatosha. Na wengine husema kazi hiyo ni ya shule, si ya mzazi. Swali hili si jipya, wala si la nchi yetu tu. Mataifa makubwa yamelishughulikia miaka mingi, yakatunga sheria na kuajiri wauguzi, yakakosea na kujirekebisha. Basi tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari hizo kwa taratibu ya miaka, maana jibu la swali limo ndani yake. Tena limo jambo lililo kubwa kuliko chawa wenyewe, yaani jinsi mtoto awezavyo kupotewa na masomo kwa ajili ya mdudu asiyezidi punje ya ufuta.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa chawa ni adui wa kale. Wasomaji wa Biblia waujua mji wa Lakishi, uliotwaliwa na Yoshua, na baadaye ukahusuriwa na Senakeribu mfalme wa Ashuru. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale walipata katika magofu ya mji huo kitana kidogo cha pembe ya ndovu, ambacho urefu wake haufiki sentimeta 4. Upande mmoja kilikuwa na meno 6 manene ya kufungulia nywele zilizotatana, na upande wa pili meno 14 membamba ya kuondolea chawa na mayai yao. Hata mwaka 2022 wataalamu wakatangaza ya kuwa juu ya kitana hicho yamechorwa maneno 7 kwa herufi za Kikanaani, nayo ni maombi kwamba pembe ile iwang'oe chawa wa nywele na wa ndevu. Wakadiria kuwa kiliandikwa yapata mwaka 1700 kabla ya Kristo. Sasa tufikiri: pembe ya ndovu haikuwa mali ya maskini. Mwenye kitana kile alikuwa mtu wa cheo, naye alikuwa na chawa. Basi asemaye ya kuwa chawa ni alama ya umaskini au ya uvivu wa mama, hajui historia.

Zamani hizo kupekuana vichwa kulikuwa kazi ya nyumbani. Mama alimlaza mtoto mapajani pake, dada akampekua mdogo wake, na mambo yakaishia hapo. Lakini shule zilipoongezeka na watoto kwa mamia wakaketi bega kwa bega katika vyumba vidogo, jambo la nyumba moja likawa jambo la watu wote. Hapo ndipo Serikali za miji zilipoingia.

Tuanze na mji wa New York katika Marekani. Mwaka 1897 mji huo uliweka madaktari wa kukagua watoto shuleni. Daktari alipoona mtoto ana maradhi ya macho, au upele, au chawa, alimrudisha nyumbani. Kwa fikira za wakati ule hiyo ilikuwa njia ya kuwalinda wengine. Lakini je, mtoto yule alitibiwa na nani? Wazazi wengi walikuwa maskini, tena wageni waliotoka nchi za mbali, wasiojua kusoma karatasi iliyoandikwa na daktari. Mtoto alizurura njiani juma baada ya juma. Jioni alicheza na wenzake walewale aliotengwa nao asubuhi, akawapa chawa walewale. Basi shule ilikuwa imempoteza mwanafunzi, wala haikumpoteza chawa.

Katika mji huo alikuwako bibi mmoja, jina lake Lillian Wald, kiongozi wa wauguzi waliokuwa wakiwatembelea maskini katika nyumba zao. Yeye alitoa shauri kwamba mwuguzi mmoja ajaribiwe shuleni kwa mwezi mmoja. Tarehe 1 Oktoba 1902 mwuguzi Lina Rogers akaanza kazi katika shule 4. Hakuwafukuza watoto. Wenye madhara madogo aliwatibu palepale shuleni, wakarudi darasani. Na baada ya masomo alikwenda nyumbani kwao, akaketi na mama zao, akawaonyesha kwa mikono yake namna ya kusafisha kichwa. Jaribio lile likafaulu, wauguzi wengine wakaongezwa. Septemba 1902, kabla hajaanza, watoto waliofukuzwa shuleni kwa ajili ya maradhi walikuwa 10,567. Septemba 1903, mwaka mmoja tu baadaye, walikuwa 1,101. Hesabu hizo zatufundisha jambo moja: si ukali uliopunguza watoto waliofukuzwa, bali ni mtu aliyebisha hodi mlangoni na kumfundisha mama.

Sasa tuvuke bahari tuende Uingereza. Huko sheria ya mwaka 1907 iliamuru watoto wa shule za Serikali wakaguliwe miili yao na madaktari. Mwaka 1908 ikafuata sheria nyingine iliyowapa wakuu wa elimu uwezo wa kumkagua mtoto mwenye wadudu. Mzazi alipewa taarifa amsafishe mtoto kwa muda wa saa 24, na asipofanya, mtoto huchukuliwa akasafishwe na watu wa Serikali. Wauguzi wakapita darasani na vitana vyao, na watoto wa vizazi vingi wakakua wakimwogopa bibi yule wa kutafuta mayai ya chawa. Mwaka hata mwaka taarifa ziliandikwa, na wakubwa wakaridhika, wakidhani ya kuwa chawa karibu watakwisha.

Lakini Septemba 1939 vita kuu ya pili ilianza. Serikali ya Uingereza, kwa kuogopa mabomu, iliwahamisha watoto wengi kutoka miji mikubwa, ikawapeleka mashamba kukaa na watu wasiowajua. Wenyeji walipowapokea, waliona chawa vichwani mwa wengi, wakalalamika sana. Ndipo mtaalamu wa wadudu, Kenneth Mellanby, alipoombwa kuchunguza habari hiyo. Alitazama maandiko ya hospitali yaliyoonyesha hali ya vichwa vya watoto siku walipopokewa, na mwaka 1941 akatangaza aliyoyaona: katika miji ya viwanda karibu nusu ya wasichana walikuwa na chawa. Hesabu hiyo ilizidi mno ile ya taarifa za shule.

Ilikuwaje hata sheria, wauguzi na taarifa za miaka 30 zisiuone ukweli huo? Mtu akifikiri ataona sababu. Mwuguzi wa shule humwona mtoto wa shule tu. Mdogo wake aliyeko nyumbani, anayelala naye kitanda kimoja, hamwoni. Tena mwuguzi hutazama vichwa vingi kwa saa chache, na chawa ni mwepesi wa kujificha. Tena ukaguzi ukiwa ni jambo la aibu, mtu hujitengeneza kwa ajili ya siku ile, kisha husahau. Wazee wetu walikwisha kusema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Shule ni kidole kimoja. Cha pili ni nyumba.

Sasa na tufike kwenye swali letu: mara ngapi? Hapo mwalimu wetu ni maisha ya chawa mwenyewe. Jike hutaga mayai yapata 8 kwa siku, akiyagandisha katika unywele karibu na ngozi. Yai huanguliwa baada ya siku 7 mpaka 10. Chawa mchanga hukua siku 9 mpaka 12, ndipo awapo mzima awezaye kutaga. Naye huishi kichwani karibu mwezi mmoja. Basi tangu yai mpaka mama mpya ni yapata majuma 3. Mzazi apekuaye mara moja kwa muhula wa miezi 3 huwapa chawa nafasi ya kuzaa vizazi vinne. Lakini apekuaye kila juma atamkuta kila chawa walau mara moja kabla hajakua na kutaga. Hii ndiyo sababu ya kusema mara moja kwa juma: si desturi ya watu fulani, bali ni hesabu.

Na mtoto akionekana ana chawa hai, juma moja ni muda mrefu mno. Wataalamu wa Uingereza sasa hufundisha kuchana nywele zilizoloweshwa, kwa kitana cha meno yaliyosongamana, siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Kisha kutazama tena siku ya 17. Kwa njia hiyo mayai yote yatakuwa yamekwisha kuanguliwa, na kila mchanga amekamatwa kabla ya kuzaa. Ni lazima watu wote wa nyumba watazamwe siku ile ile ya kwanza, na wote wenye chawa waanze pamoja.

Yako makosa matatu ya kuepukwa. La kwanza ni mafuta ya taa. Watu wa zamani, hata Ulaya na Marekani, waliyatumia sana; lakini huwaka moto upesi, huunguza ngozi, na humdhuru mtoto akiyameza. La pili ni hofu ya kuchanganya mambo. Mwaka 1909 huko Tunis daktari Charles Nicolle alivumbua ya kuwa homa kali ya taifasi huchukuliwa na chawa, akapewa nishani ya Nobel mwaka 1928. Na mwaka 1997 homa hiyo iliwapata makumi ya maelfu ya watu wa Burundi waliokuwa wakikaa makambini kwa ajili ya vita. Lakini hao walikuwa chawa wa mwilini, wakaao katika nguo zisizofuliwa. Chawa wa kichwa huwasha na kumnyima mtoto usingizi, lakini hajulikani kueneza homa hiyo kati ya watoto. Wala haruki, hutambaa tu kutoka kichwa hata kichwa vinapogusana.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo ni la kwetu sisi walimu kuliko la wazazi: kumfukuza mtoto, au kumnyoa mbele ya wenzake ili acheke anayecheka. Kweli, kichwa kilichonyolewa hakina mahali pa chawa kutagia, na kwa sababu hiyo nywele fupi ni desturi nzuri katika shule zetu nyingi. Lakini kunyoa kwa ajili ya usafi ni kitu kimoja, na kunyoa kwa kumwaibisha mtoto ni kitu kingine. Mtoto aliyeaibishwa atajifunza kuficha, na palipo na kuficha ndipo chawa wazaapo. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 shule nyingi za Uingereza ziliacha ukaguzi ule wa zamani, na leo madaktari wa watoto wa Marekani pia hushauri kwamba mtoto mwenye chawa asirudishwe nyumbani. Amalize masomo ya siku, mzazi aambiwe kwa siri, na tiba ianze jioni ile. Hivyo wamerudia alilolifanya Lina Rogers mwaka 1902.

Kwa hiyo, ninyi akina baba na akina mama, chagueni siku moja katika juma, mathalani Jumamosi mchana, wakati mwanga ni mwingi. Mwekeni mtoto mahali peupe, mtazame nyuma ya masikio na kisogoni, maana huko ndiko chawa wapendako. Binti aliyesukwa atazamwe vizuri zaidi siku afumuliwapo. Msiwaache wadogo wasiokwenda shule. Mkiona chawa, mwambieni mwalimu bila haya. Na sisi walimu tupokee habari hiyo kwa upole, mtoto akae mahali pake darasani, asome.