Kitindamlo cha kahawa na maharagwe matamu: Mapishi ya Kijapani kwa mazao ya Mlima Kenya

KATIKA soko la Karatina, maharagwe hupimwa kwa gorogoro na kuhesabiwa kuwa chakula cha shibe. Huchanganywa na mahindi yakawa githeri, au hukaangwa kwa kitunguu na nyanya yakawa kitoweo. Kahawa nayo, ingawa imetanda katika miteremko ya Mathira, Tetu na Othaya, ni zao la kuuzwa zaidi kuliko kinywaji cha nyumbani. Sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya husafirishwa ng'ambo, na katika nyumba nyingi za wakulima kinachotoka jikoni asubuhi ni chai ya maziwa.

Hali hiyo ina historia yake. Wakati wa ukoloni, Waafrika wengi wa eneo la Kati hawakuruhusiwa kupanda mibuni hadi miaka ya 1950, na ni Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliofungua mlango kwa wakulima wadogo. Zao lililoingia mashambani kwa ajili ya mnada halikupata nafasi ya kuzoeleka mezani.

Huko Japani, nchi isiyolima kahawa kwa kiasi cha kutajika lakini iliyo miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa zao hilo duniani, kahawa na maharagwe mekundu hukaribishwa hata baada ya mlo. Kahawa hugandishwa ikawa laini ya kukatika kwa kijiko, na maharagwe hupikwa kwa sukari yakawa rojo tamu liitwalo anko. Vyakula hivyo viwili vikiwekwa katika bakuli moja na kutiliwa malai, hupatikana kitindamlo baridi ambacho mpishi wa Nyeri, Nanyuki au Embu anaweza kukiandaa kwa mazao ya kwao.

AZUKI NA WAIRIMU

Maharagwe ya Wajapani huitwa azuki. Ni madogo, mekundu, na kwa ukoo yako karibu zaidi na kunde na ndengu kuliko maharagwe yetu ya kawaida. Hata hivyo, mbegu ndogo nyekundu ijulikanayo sokoni kwa jina la Wairimu hufaa kuchukua nafasi yake. Rangi yake hukaribia ile ya azuki, na ikiiva vizuri hupondeka kwa urahisi. Rosecoco pia hufaa, ila rojo lake huwa na rangi hafifu.

Msomaji anayeshangaa kusikia maharagwe yakitiwa sukari na akumbuke kwamba jambo hilo si geni kwa Waswahili wa pwani, ambao huyapika kwa tui na sukari, hasa katika mwezi wa Ramadhani.

Kinachogandisha kahawa ni agari, unga unaotokana na mwani mwekundu wa baharini, ambao Wajapani huuita kanten. Hupatikana katika baadhi ya maduka makubwa na yale yanayouza vifaa vya waokaji wa keki, na kwenye pakiti huandikwa agar-agar. Tofauti na jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, agari hufaa kwa wasiokula nyama na kwa Waislamu wanaojihadhari na asili ya jelatini. Aidha, huganda hata bila friji, jambo la manufaa kwa nyumba nyingi za mashambani.

HATARI YA KUZINGATIWA

Kabla ya utamu, kuna jambo la usalama. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huleta kichefuchefu, kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Maharagwe yaliyopashwa moto bila kuchemka sawasawa yanaweza kudhuru kuliko hata yale mabichi. Dawa yake ni kuyaloweka, kumwaga maji hayo, kisha kuyatokotesha kwa nguvu katika maji mapya.

Wakazi wa Mlima Kenya wana sababu ya ziada ya kutofanya haraka. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo maji yachemkavyo kwa joto la chini. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini mjini Nyeri, ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva huku. Ni busara kuyatokotesha kwa nguvu dakika 30 kamili kabla ya kupunguza moto. Sufuria ya presha huokoa muda na makaa.

VINAVYOHITAJIKA (kwa watu 6)

- Maharagwe makavu ya Wairimu, gramu 200
- Sukari, gramu 150 za maharagwe na gramu 50 za kahawa
- Chumvi, robo ya kijiko cha chai
- Kahawa iliyosagwa, gramu 40 (yapata vijiko vikubwa 8)
- Maji ya kahawa, mililita 450
- Unga wa agari, gramu 4 (yapata vijiko vya chai 2), na maji yake mililita 150
- Malai au tui zito la nazi, mililita 150

NAMNA YA KUTAYARISHA

1. Chagua maharagwe, yaoshe na uyaloweke usiku kucha. Asubuhi, mwaga maji hayo.

2. Yainjike katika maji mapya, yatokoteshe kwa nguvu dakika 30, kisha punguza moto na uendelee hadi yapondeke kwa vidole. Huenda ikachukua saa moja na nusu hadi mbili. Usitie sukari mapema, kwani huyafanya maharagwe yasilainike.

3. Chuja, ukibakisha maji kidogo. Ponda nusu ya maharagwe kwa mwiko na uache nusu ikiwa nzima. Tia sukari na chumvi, rudisha kwenye moto mdogo na ukoroge kwa dakika 10 hadi 15, hadi mwiko uache njia chini ya sufuria. Epua yapoe.

4. Chemsha maji ya kahawa, yamimine juu ya kahawa, funika kwa dakika 4, kisha chuja kwa kitambaa safi. Tia sukari ya kahawa.

5. Nyunyiza agari katika maji yake yakiwa baridi, koroga, kisha chemsha kwa dakika 2 bila kuacha kukoroga. Changanya na kahawa ingali moto. Ikiwa imepoa, agari itaganda kwa mabonge.

6. Mimina katika chombo kipana, funika na uache kwa saa moja au mbili. Asiye na friji aweke chombo ndani ya beseni la maji baridi. Ikishaganda, kata vipande vidogo.

7. Gawa vipande katika bakuli, weka kijiko kikubwa cha maharagwe juu ya kila moja, kisha mimina malai au tui.

TAHADHARI NA HIFADHI

Bakuli moja huwa na kafeini inayokaribia ya kikombe cha kahawa. Kwa hiyo halifai kwa watoto wadogo, na wajawazito wale kwa kiasi. Kahawa pia hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, hivyo anayehitaji kuongeza damu asikitegemee chakula hiki. Wenye kisukari wakumbuke wingi wa sukari iliyomo. Bila friji, chakula kiliwe siku hiyo hiyo. Ndani ya friji, hudumu siku 3.

Machujo ya kahawa yasitupwe, bali yatiwe kwenye mboji. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alipozuru Japani mwaka 2005 alijifunza neno mottainai, la kusikitikia kitu chenye thamani kinachopotea bure, akalieneza duniani. Kwa mkulima anayechuma kahawa mwaka mzima bila kuionja, neno hilo halihusu machujo peke yake.