Ajabu na Hukumu: Kudumu kwa Mvuto wa Adili na Nduguze

Riwaya ya Kiswahili iliyosheheni maajabu imewahi kushtakiwa kwa kosa moja kuu, kwamba humtorosha msomaji kutoka katika dunia yake. Ikiwa shtaka hilo ni la haki, basi hatuna budi kueleza ni kwa nini Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, ingali inasomwa baada ya miongo saba. Makala haya yanashikilia kwamba siri ya mvuto wake ni kuwa ajabu ndani yake si pambo, bali ni ushahidi.

Msuko wa riwaya hii umechotwa katika Alfu Lela Ulela, kwenye kisa cha Abdalla bin Fadhili na nduguze, kilichowekwa katika enzi ya Harun al-Rashid. Hata hivyo, Shaaban Robert hakunakili tu. Basra na Baghdad zimeondoka, na mahali pake pana Ughaibu na Janibu, nchi zisizo katika ramani yoyote. Ndugu wahasidi, ambao katika kisa cha awali hugeuzwa mbwa, kwake huwa manyani. Badiliko hili si dogo. Nyani ana uso na viganja vinavyomkumbusha mtazamaji utu wake mwenyewe. Kwa hiyo Ikibali anapomwona Adili usiku akiwacharaza manyani wawili, kisha akiwabembeleza, msomaji naye hufadhaika kabla hajajua sababu. Mfalme Rai anamtaka mtawala wake ajieleze, na ni maelezo hayo yanayotufungulia Mji wa Mawe na ulimwengu wa majini. Katika Tanganyika ya 1952, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, si jambo jepesi kusimulia juu ya mwenye mamlaka anayewajibika kwa yale aliyoyatenda gizani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wahakiki wengi walidai uhalisia. Waliona kwamba majina kama Adili, Hasidi na Mwivu hutoa hukumu kabla ya mhusika kutenda lolote. Hoja hiyo ina uzito, na hatuwezi kuipuuza. Lakini historia ilichukua mkondo mwingine. Euphrase Kezilahabi, aliyeandika Rosa Mistika (1971) kwa mtindo wa kihalisia, na kuwasilisha mwaka 1976 tasnifu kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, ndiye aliyerejea kwenye ajabu katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Kyallo Wamitila naye alifuata njia hiyo katika Bina-Adamu! (2002). Waandishi hawa hawana yakini ya Shaaban Robert kwamba wema hushinda. Walichorithi ni imani kwamba yako mambo ya binadamu ambayo uhalisia pekee hauwezi kuyafikia.

Katika Alfu Lela Ulela, ndugu wale hatimaye huuawa. Shaaban Robert anawarudishia ubinadamu na kuwaelekeza kwenye msamaha. Huenda hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya hii kwa msomaji wa leo. Mtu aliyemdhulumu nduguye anaweza kupoteza umbo la utu, lakini mlango wa kurejea haujafungwa. Mhakiki anayeyaita hayo ndoto za watoto hana budi kutuonyesha ni uhalisia upi uliokwisha kulijibu swali hilo vema zaidi.